MSHALE WA MIZUNGUKO UNARUKARUKA: TUTAFUTE UGONJWA KABLA YA KUNUNUA PIESI



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mbegu, udongo na kuchunga mavuno ndani ya depo. Leo tunakuja ku gari. Koperative nyingi za kwetu ziko na gari moja tu, tena ya kizamani: pikapu ya mazutu ao kamyoneti ya esansi iliyokwisha kutembea miaka mingi mbele ya kufika kwetu. Hiyo gari njo inabeba kahawa, viazi, mpunga na maziwa ya watu wote. Ikisimama njiani, mavuno ya kila mwanamemba yanasimama nayo.

Somo hili linafaa kusomwa pamoja: shofere, mwenye kuchunga franga za koperative, na watu wawili watatu wa komite. Hatutaki kila mtu awe fundi. Tunataka kila mtu ajue kuuliza maswali mazuri mbele ya franga kutoka.

SAA YA MIZUNGUKO NI KITU GANI?

Ku tablo ya gari, mbele ya shofere, kuna saa ya kilometa inayoonyesha mwendo. Ku magari mengi kuna saa ingine kando yake, iko na namba 0 mpaka 6 ao 8, na chini imeandikwa x1000. Hiyo njo saa ya mizunguko. Mshale ukiwa ku 2, motere inazunguka mara 2000 kwa dakika moja. Gari ikiwa imesimama na motere inawaka polepole (ralanti), mshale unapashwa kutulia karibu ya 650 mpaka 900, kufuatana na aina ya motere.

Saa hii haiongozi motere. Inaripoti tu. Gari inaweza kutembea bila hiyo saa kabisa. Basi, juu ya nini tupoteze wakati wetu? Ni juu ya njia ambamo habari yake inapitia. Habari hiyo inatoka ku alternateri, ku bobini, ao ku pompi ya mazutu. Matatizo yakianza pale, mara nyingi mshale unayaonyesha wa kwanza, siku ao wiki nyingi mbele ya gari kusimama.

Muhogo unatufundisha hii jambo. Ukiona majani yamejikunja na kuwa na madoa ya manjano, unajua ni mozaiki. Ukikata lile jani, ugonjwa unabaki, maana uliingia na mti uliopandwa ao uliletwa na inzi weupe. Mshale unaorukaruka ni kama lile jani. Kubadilisha saa ya tablo bila kutafuta, ni kukata jani.

HABARI YA MSHALE INATOKA WAPI?

Kuna njia tatu. Muulize fundi wenu gari yenu iko na gani, kisha muiandike ndani ya kaye ya gari.

1. Gari ya esansi ya kizamani. Fili nyembamba inatoka ku bobini, upande wa alama ya kutoa (–), inakwenda ku tablo. Kila mara bobini inapotuma moto ku buji, saa inahesabu moja. Motere ya silinda nne inatuma moto mara 2 kwa kila mzunguko. Mshale ukiwa ku 3000, saa inahesabu mara 6000 kwa dakika, maana yake mara 100 kwa sekunde.

2. Gari ya mazutu yenye kusoma ku alternateri. Nyuma ya alternateri kuna mahali padogo pa fili, pameandikwa W. Alternateri inazungushwa na mkanda wa motere. Motere ikienda mbio, alternateri inaenda mbio, na saa inahesabu.

3. Gari ya mazutu yenye kipokezi. Hapa kuna kidude kidogo chenye sumaku, kimefungwa ku pompi ya mazutu ao karibu na gurudumu kubwa la motere. Meno ya chuma yakipita mbele ya sumaku, kinatuma umeme kidogo ku saa.

MBELE YA KUGUSA KITU CHOCHOTE

– Vuta frei ya mkono, weka vitesi pa katikati, na tia mawe nyuma na mbele ya magurudumu.
– Kitambaa, kitenge, kamba ya shingo na mikono mirefu ya shati vikae mbali na mkanda na feni. Mkanda haujui kama huu ni mkono.
– Usishike fili nene za buji wakati motere inawaka.
– Usitoe kamwe fili ya batri wakati motere inawaka. Kuna watu wanafanya hivyo njiani ili "kupima" alternateri: motere ikiendelea, wanasema iko mzuri. Ile namna inaweza kupandisha volti kwa gafula na kuunguza diodi za alternateri. Alternateri iliyokuwa mzima inakufa siku hiyo ya kupimwa.

Chombo tunachohitaji ni mita ya umeme, ile ndogo yenye fili mbili, nyekundu na nyeusi. Pamoja nayo, brosi ya chuma ao papié ya kusugulia, ufunguo wa 10 na wa 12, fili ya mita tatu ao ine, na skochi ya umeme.

HATUA SABA ZA KUTAFUTA

Hatua ya 1. Sikiliza kwa masikio.
Acha motere iwake ralanti. Mshale ukipanda na kushuka, je, sauti ya motere nayo inapanda na kushuka? Kama ndiyo, mshale unasema kweli. Tatizo haliko ku umeme wa saa, liko ku motere yenyewe. Ku gari ya mazutu, tafuta filtre iliyochafuka, hewa iliyoingia ku mipira ya mazutu, ao maji ndani ya mazutu. Mazutu ya kununua ndani ya bidoni pembeni ya barabara mara nyingi iko na maji: fungua skurubu ya chini ya filtre na uache maji yatoke. Kama sauti ya motere iko sawa na mshale peke yake unaruka, endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2. Angalia ndugu zake.
Je, saa zingine za tablo (mazutu, joto la maji) zinacheza pamoja na mshale? Washa taa kubwa, kisha kiashiria cha kukata kona. Mshale unatikisika kwa kufuata taa? Kama saa nyingi zinacheza pamoja, ao mshale unafuata taa, tatizo liko ku umeme unaolisha tablo yote: fizibo, kontakti, ao masi. Kama mshale peke yake njo unacheza, tatizo liko ku fili yake, kule inakotoka, ao ndani ya saa yenyewe.

Hatua ya 3. Batri na masi.
Masi ni njia ya kurudia umeme: kutoka ku motere na ku chuma ya gari mpaka ku upande wa (–) wa batri. Ku barabara zetu, udongo, matope na kutikisika vinaharibu masi mbele ya vitu vingine. Fungua vichwa vya batri, sugua unga mweupe ao wa kijani, kaza vizuri. Fuata ile fili nene nyeusi mpaka ku motere na ku shasi. Mahali inapofungwa, chuma inapashwa kungaa. Kama kuna rangi ao kutu chini ya bulo, fungua, sugua, funga tena, pakaa grese juu.

Hatua ya 4. Mkanda wa alternateri.
Motere ikiwa imezimwa, sukuma mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Unapashwa kushuka karibu ya sentimeta 1. Ukishuka zaidi, umelegea. Ukingaa sana pembeni ao ukiwa na nyufa, umezeeka. Ku gari inayosoma ku alternateri, mkanda ukiteleza mshale unashuka ingawa motere haikupunguza mwendo. Mara nyingi hii inaonekana wakati wa mvua, ao ukiwasha taa, na mkanda unalia.

Hatua ya 5. Pima volti.
Weka mita ku batri, nyekundu ku (+), nyeusi ku (–). Motere ikiwa imezimwa kwa saa nyingi, batri nzima iko na volti 12,6 hivi. Ikiwa 12,2, imebaki nusu. Sasa washa motere na uongeze mwendo kidogo: inapashwa kuwa kati ya 13,8 na 14,5. Ikibaki 12 na kitu, batri haipati chakula. Ikipita 15, regilateri imeharibika, na itapika batri na kuunguza taa. Kwa kamyo yenye batri mbili za volti 24, zidisha hizo namba kwa 2.
Ku gari inayosoma ku alternateri, pima pia ile W: nyekundu ku W, nyeusi ku chuma ya motere. Inapashwa kutulia karibu ya nusu ya volti ya batri, tuseme 6 mpaka 8. Kama inakuja na kukwenda, ndani ya alternateri mna makaa yaliyokwisha ao diodi iliyokufa. Hapo ni kazi ya fundi wa alternateri.

Hatua ya 6. Tikisa fili.
Motere iwake ralanti, mtu mmoja aangalie mshale. Mwingine atikise polepole ile fili nyembamba, kipande kwa kipande, akikaa mbali na mkanda na feni. Mahali ambapo mshale unaruka ukigusa, ugonjwa uko pale. Angalia hasa mahali fili inapita ku chuma kali, karibu na bomba la moshi, na ku tundu la kuingilia ndani ya kabini. Kipokezi cha sumaku kitolewe na kisafishwe: unga wa chuma unashikamana nacho, na mafuta yanaingia ku fishi yake.

Hatua ya 7. Fili ya kujaribia.
Kama haujapata bado, zima motere, toa fili ya zamani pande mbili, na uweke fili mpya ya kujaribia kutoka kule habari inakotoka mpaka ku saa, ukiipitisha mbali na mkanda na vitu vya moto. Washa. Mshale umetulia? Fili ya zamani njo mwenye kosa, na dawa yake ni mita chache za fili. Mshale unaendelea kuruka? Fungua tablo, kaza bulo ndogo za nyuma ya saa, safisha fishi. Baada ya yote hayo njo tunaweza kusema saa yenyewe imekufa.

SHERIA MOJA KWA GARI YA ESANSI

Gari ya esansi ikizimika yenyewe wakati inatembea, shofere aangalie mshale kwa dakika ileile, gari ikiwa bado ndani ya vitesi na magurudumu yanasukuma motere.

– Mshale ukianguka ku 0 kwa gafula: bobini imekosa umeme. Tafuta ku kontakti, ku fizibo, ku bobini, ku platini ndani ya delko.
– Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo wa gari: moto wa bobini uko bado. Tafuta ku esansi: pompi, filtre, kabiratere.

Kuangalia huku hakuombi franga, na kunapunguza kazi ya fundi nusu. Lakini shofere anapashwa kukumbuka na kuandika, maana gari ikifika garaji inaweza kuwaka vizuri kama vile hakukuwa kitu.

Jambo lingine: ile fili ya mshale ku bobini, ikichubuka na kugusa chuma, motere inazimika palepale. Ukiwa njiani bila fundi, toa ile fili ku bobini, ifunge skochi, na ujaribu kuwasha. Mshale hautafanya kazi, lakini gari inaweza kukufikisha.

MSHALE UNAODANGANYA BILA KURUKA

Kuna mshale ambao umetulia vizuri, lakini unasema uongo. Hii inatokea sana kisha kubadilisha alternateri kwa ile ya gari ingine.

Tufanye hesabu. Puli ya motere iko na upana wa sentimeta 15, puli ya alternateri 6. 15 kugawanya na 6 ni 2,5. Motere ikizunguka mara 800, alternateri inazunguka mara 2000, na saa imezoea hivyo. Sasa fundi ameweka alternateri yenye puli ya sentimeta 7,5. 15 kugawanya na 7,5 ni 2. Motere ikiwa ku 800 ileile, alternateri inazunguka 1600 tu. Mshale utaonyesha 640. Shofere atafikiri ralanti iko chini, atamwomba fundi apandishe, na gari itaanza kula mazutu bure kila siku. Basi, ukibadilisha alternateri, pima puli ya zamani na ya mpya mbele ya kulipa.

MFANO WA KUFUNDISHIA

Tuseme pikapu ya mazutu inatoa mpunga ku Bonde la Ruzizi kupeleka Bukavu, kwa kupanda milima ya Ngomo. Mchana mshale unatulia. Usiku, taa zikiwaka, unarukaruka, na taa zinafifia. Garaji moja inasema: "Alternateri imekufa, leteni franga ya ingine." Komite inaomba kupima kwanza.

Motere imezimwa, batri: 12,4. Motere inawaka, taa zinawaka, batri: 12,1. Kweli, batri haipati chakula. Watu wengi wangesimama hapa na kununua. Lakini fundi anapima ingine: nyekundu ku fili nene ya alternateri, nyeusi ku mwili wa alternateri yenyewe. Anapata 13,9. Alternateri iko inafanya kazi yake! Volti zinapotelea wapi? Anaweka nyekundu ku (–) ya batri na nyeusi ku mwili wa alternateri. Pangekuwa karibu ya 0. Anapata 1,8.

Angalieni: 12,1 na 1,8 ni 13,9. Hesabu imetimia. Volti zote zilizokosekana ziko ku masi. Fili nene kati ya motere na batri imekula kutu chini ya bulo. Kuisugua ni kazi ya nusu saa. Mchana haikuonekana sana kwa sababu bila taa umeme mwingi haupiti. Usiku umeme mwingi ulitafuta njia, na njia ilikuwa nyembamba.

Kama wangenunua alternateri mpya, nayo ingepita ku masi ileile mbovu. Franga zingekwenda, na ugonjwa ungebaki.

UKIWA NJIANI NA MSHALE UKIANGUKA

Kama taa nyekundu ya batri inawaka pamoja na mshale kuanguka, jua alternateri haitoi kitu. Simama mahali pazuri, zima motere, angalia kama mkanda umekatika. Ku motere nyingi mkanda huohuo njo unazungusha pompi ya maji. Kama ni hivyo na umekatika, usiendelee, motere itapika.

Kama mkanda uko mzuri, zima redio, feni ya ndani na taa zisizo na lazima, uende mpaka kijiji cha karibu chenye fundi. Usingoje usiku. Gari ya esansi itazimika batri ikikwisha. Motere ya mazutu ya kizamani inavumilia zaidi, lakini nyingi ziko na kidude cha umeme ku pompi kinachofungua mazutu. Kikikosa umeme kabisa, motere inazimika.

KAZI YA KOMITE

Shofere asigombezwe akileta habari ya mshale. Shofere anayeogopa kusema atanyamaza mpaka gari ife mlimani na mzigo wa watu. Ndani ya kaye ya gari muandike: tarehe, mshale ulifanya nini, taa zilikuwa zinawaka ao hapana, mvua ilikuwa ao hapana, volti zilizopimwa.

Mbele ya kutoa franga ya piesi, komite iulize fundi maswali matatu: Umepima nini? Umepata namba gani? Masi umeiangalia? Fundi mwenye kujua kazi hatachukia, atafurahi kuonyesha. Na piesi ya zamani irudi ku koperative. Ni mali ya wanamemba, hata kama imekufa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NDANI YA KIKUNDI

1. Gari yetu inasoma mizunguko kutoka wapi: ku bobini, ku alternateri, ao ku kipokezi?
2. Mara ya mwisho masi ya batri ilisafishwa lini, na nani?
3. Piesi ya mwisho tuliyonunua, ilipimwa kwanza ao ilikisiwa tu?
4. Kati yetu nani anaweza kujifunza kutumia mita, ili shofere asibaki peke yake?